Dandora hadi Eastleigh kwa Miguu, Kutafuta Kompyuta Isiyozimika

Nimechoka kusimulia. Tangu Ijumaa, kila anayenikuta bombani ananiuliza mlikwenda wapi na Senge wako mkarudi mnachechemea wote wawili. Na nyinyi wa kwaya ndio mmezidisha chumvi. Nasikia mmoja wenu amesema tulinyang'anywa Mathare, mwingine akasema Senge alionekana akipelekwa hospitali juu ya mkokoteni. Hakuna aliyenyang'anywa. Habari ya mkokoteni ni ya kweli, lakini si hivyo mlivyoisikia. Basi naandika mara moja, msome, mpitishiane, mniache nichote maji kwa amani.

Kwa asiyemjua, Senge Robai ni dada mkubwa wa baba yangu, na anauza sweta za mitumba Gikomba. Matokeo yangu yalipotoka alisimama kanisani bila kuombwa na mtu, akatangaza kwamba huyu msichana akipata chuo kikuu, mimi nitamnunulia kompyuta. Kompyuta! Baba alikuwa ananyoosha mkono kuchukua kitabu cha nyimbo, akausahau hewani. Ila Senge akishasema mbele ya watu, limekwisha. Nafasi ikapatikana, na Jumatatu ndiyo ya kuripoti.

Ploti yetu mnaijua. Mama Ciku, mwenye ploti tunayopanga, huwasha stima jua likizama na kuizima watu wakianza kulala. Swichi kuu iko ndani ya sanduku la chuma, sanduku lina kufuli, na ufunguo hukaa kifuani kwake. Pasi marufuku, jiko la umeme marufuku. Mimi sitalala chuoni, nitakuwa nikitoka nyumbani kila siku, na saa zangu za kusoma ni alfajiri, kabla ploti haijaamka na redio zake. Alfajiri hakuna stima. Kozi yenyewe ni ya kompyuta, na walionitangulia wameniambia zile za chuo ni za kupigania, na anayetoka mbali hufika viti vimeshakaliwa. Kwa hiyo sikuwa nataka kompyuta nzuri. Nilitaka ya kubeba, yenye betri inayokaa na chaji hata stima ikiwa haipo. Isipokuwa hivyo, ningekuwa nimenunuliwa pambo la kabati, na mwaka wa kwanza ungenishinda nikiwa nalitazama.

Na ilikuwa lazima iwe Ijumaa hiyo. Senge alinionya kabisa kwamba hela zikilala hadi Jumamosi zitageuka kuwa bale la sweta. Namjua, zingegeuka.

Dandora hadi mtoni

Senge ana imani moja aliyoitoa Gikomba: nenda uwe mteja wa kufungua. Muuzaji hamwachi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu, kwa sababu siku yote itamwendea mrama. Kwa hiyo alinigongea dirisha giza halijatoka vizuri, amevaa koti la mvua na raba za marehemu mume wake. Hela alikuwa amezishona ndani ya kitambaa na kujifunga tumboni, mahali ambapo mwizi angehitaji wembe na moyo mgumu sana.

Tukafika steji. Hakuna gari hata moja. Matatu zilikuwa zimegoma, na barabara nzima ilikuwa ya watu, wafanyakazi wa viwanda vya Baba Dogo wamebeba vyakula vyao mfukoni, akina mama na mizigo, wote wanatembea upande mmoja bila kusemezana.

"Senge, turudi," nikasema.

"Turudi wapi? Miguu Mungu alituwekea ya nini?"

Tukaanza. Moshi wa jaa ulikuwa umelala chini asubuhi ile, tukaupasua tukikohoa mpaka tukashika njia ya Korogocho. Njiani Senge hakunyamaza. Alinifundisha biashara kama vile chuo nilikuwa naenda kwake. Somo kubwa lilikuwa hili: sokoni, ukitaja bei nami nikakubali, umenunua. Hakuna kusema nilikuwa natania, hakuna kusema ngoja nifikirie. Akanisimulia mwanamume mmoja aliyevaa tai, aliyemtajia bei ya sweta kwa mchezo akidhani atakataliwa. Senge akasema, "Chukua." Yule bwana akaanza kurudi nyuma. Senge akamshika tai.

"Na sweta ilimtosha?" nikauliza.

"Ilikuwa ya mtoto," akasema. "Alilipa."

Darajani, lile lililotengenezwa upya baada ya mvua kubwa kulibeba, tulikuta mama wa mandazi amezungukwa na watu. Mgomo ulikuwa umempandishia bei na kumpunguzia adabu. Senge akajaribu kumshusha, mama akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye karai, "Ukitaka ya jana, nenda jana." Tulikula tukitembea, mandazi moto yanayochoma ulimi, na sijawahi kula mandazi matamu kama yale.

Lucky Summer, kwa pasta

Wa kwanza kwenye orodha ya Senge alikuwa Pasta Wafula, mtu wa kwetu Bungoma, aliyekwenda ng'ambo kusomea mambo ya kanisa na kurudi na kompyuta ya mapajani. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba anaiuza.

Tulipofika, jua limeshapanda, kufungua kumeshatupita. Mke wake alitupokea kwa mikono miwili na kutuketisha. Senge akataja kilichotuleta. Mama akatabasamu, akasema pasta anaoga, akaingia jikoni. Baadaye kidogo tukasikia kuku akilalamika nyuma ya nyumba, halafu tukaacha kumsikia.

Senge akanitazama. Mimi nikamtazama. Nyote mliokulia nyumba za kwetu mnajua maana yake. Mtu akishakuchinjia kuku, umeingia katika mkataba ambao haujaandikwa popote. Ungemwambiaje kwamba hiyo mashine yako sijaipenda, na mfupa bado uko kwenye sahani?

Tungekimbia wapi? Tuliketi. Kuku alichukua muda wake kuiva, na ugali ukaja na mboga ya mrenda pembeni, na pasta akaomba baraka ndefu kuliko chakula. Senge akapewa firigisi, maana ndiye aliyekuja kama mkuu wa msafara. Akaila polepole, kwa uso wa mtu anayejua anatia sahihi.

Ndipo mashine ikaletwa, imevikwa kitambaa cha kufumwa. Ilikuwa nyeusi, nyembamba, inapendeza. Pasta akaichomeka ukutani, ikawaka, ikapiga kengele ndogo. Akatuonyesha mahubiri yake yote, yamepangwa kwa vitabu vya Biblia.

"Pasta," nikasema, "naomba tuitoe kwa stima."

Senge akanifinya paja.

"Kwa nini, mtoto wangu?"

"Kwetu hakuna stima mchana. Nataka kuona itakaa kiasi gani."

Pasta akakohoa. Akaichomoa kwa upole. Mashine ikazimika hapo hapo, hata mkono wake haujafika mezani.

"Betri imechoka kidogo," akasema.

Haikuwa imechoka, ilikuwa imekufa na kuzikwa. Lakini kuku alikuwa amekufa pia, na sasa ilibidi mtu aseme kitu. Hapo ndipo namvulia Senge kofia. Alipangusa mikono, akashukuru chakula, akaisifu mashine, akamsifu mama kwa kitambaa, kisha akasema kwa huzuni kubwa kwamba jambo zito hivi hawezi kulimaliza bila baba wa msichana, na baba yuko zamu.

"Ni vizuri," pasta akasema. "Basi tumwombe Mungu aiguse mioyo yenu."

Akaomba. Aliomba Bwana afungue macho ya wanunuzi wasiangalie udhaifu mdogo. Senge aliitikia amina, lakini ndogo, ya kutosha adabu tu. Tukatoka tumeshiba na tumekata tamaa. Nyuma ya lango akaniambia, "Huyo kuku atatudai mpaka Krismasi."

Juu ya mkokoteni

Kutoka Lucky Summer hadi Eastleigh, kwenye duka lililofuata katika orodha, ni mbali hata ukiwa na gari. Jua lilikuwa limeamua kutuchoma. Tulipofika barabara ya Outer Ring raba za marehemu zilikuwa zimemchubua Senge visigino, akawa anatembea kwa ncha za vidole na koti limefungwa kiunoni.

Akatokea bwana mmoja wa mkokoteni, alikuwa ameteremsha makaa na anarudi Mathare mkokoteni mtupu. Akatutazama akasimama.

"Mama, panda. Unaumia bure."

"Mimi si gunia," Senge akasema.

"Gunia halivui viatu," yule bwana akamjibu, maana Senge alikuwa anavivua wakati huo huo.

Akapanda. Akatandika koti juu ya vumbi la makaa, akakaa mikono imeshika tumbo, pale zilipokuwa hela. Mimi nikasukuma nyuma. Barabara ilikuwa imejaa watu, hakuna pa kupita, na mwenye mkokoteni akaona njia ni moja tu. Akaanza kupiga kelele: "Mgonjwa! Mgonjwa! Pisheni mgonjwa!"

Watu wakapasuka kama maji. Senge aliruka. "Nani mgonjwa? Wewe, nani mgonjwa?" Lakini watu wameshaona mama mtu mzima, ameshika tumbo, uso umejikunja kwa hasira, na wao wakadhani ni maumivu. "Pole mama." "Mungu atakusaidia, mama." Mwanamke mmoja akatukimbilia, akamwekea Senge ndizi mbili mapajani, akaomba dua fupi akitembea kando ya gurudumu. Senge akawa hana la kufanya. Kusema mimi mzima, naenda tu kununua kompyuta, kungemwaibisha yule mama mbele ya watu. Nikamwona anafikiri. Kisha, nawaapia, akaguna.

Akaguna mpaka barabara ya Juja. Nami nilikuwa nasukuma nimeinamisha kichwa, nacheka machozi yananitoka, na watu wakaniambia pole msichana, usilie, atapona.

Kwa hiyo hiyo ndiyo hospitali mliyosikia. Ndizi tulikula tuliposhuka.

Eastleigh, ghorofani

Tulifika Eastleigh maduka yakifungwa. Nilikuwa nimesahau kabisa swala ya Ijumaa. Wanaume walikuwa wanashuka ngazi kwenda msikitini, milango ya chuma inateremshwa, na duka tulilolitafuta, juu kabisa ya jengo lililokuwa zamani nyumba ya wageni, lilikuwa na kufuli. Tukakaa kwenye ngazi. Mbele ya mlango wa pili alikuwa ameketi fundi wa cherehani, bibi mtu mzima aliyejitanda ushungi, naye bila kutuuliza sisi ni nani akatumiminia chai kutoka chupa yake. Ilikuwa ya maziwa ya ngamia, tamu sana, ina moshi moshi ndani yake. Senge aliinusa kwanza. Kisha akaomba tena.

Swala ikaisha, ngazi zikajaa, na mwenye duka akaja. Alikuwa mama mrefu, mikono imejaa hina, wanamwita Mama Hodan, amezaliwa hapo hapo Eastleigh. Alipofungua mlango Senge akaniinamia sikioni akiwa na furaha ya mtoto. "Sisi ndio wa kufungua!"

Rafuni kulikuwa na mashine nne, zote zimechomekwa, zote zinawaka. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa, kioo chake kina rangi. Mbili za katikati hazikuwa na neno. Ya nne ilikuwa ya kijivu, nzito kama tofali, kioo chake cha rangi moja, na kitufe kimoja pembeni kimeng'oka.

Senge akaanza mchezo wake. Naujua, huwa nauona Gikomba kwa wanunuzi wa jumla. Unajifanya umependa kile usichokitaka. Unamchosha muuzaji kwacho, halafu unapogeuka kwenda, ndipo unauliza kama kwa bahati mbaya, na hiki je? Kwa hiyo aliivamia ile kubwa. Mama Hodan akataja bei, Senge akacheka kicheko cha dharau. Wakavutana. Senge akaitafutia kasoro mpaka kwenye waya. Mwishowe, ili amtie hasira kabisa, akainyooshea kidole na kutaja bei ya chini mno, bei ya aibu.

Mama Hodan akaacha kubishana. Akatazama mlango, akatutazama sisi, wateja wake wa kwanza baada ya swala.

"Haya," akasema. "Bismillahi. Chukua."

Senge akashusha kidole chake. Mimi nikaigeuza ile mashine kubwa, nikatazama chini yake. Mahali pa betri palikuwa tundu tupu. Haikuwa na betri kabisa.

"Senge, haina betri."

"Nimesikia."

"Senge, hii ni ya kukaa kwa ukuta tu!"

"Nanjala, nimetaja bei. Amekubali." Sauti yake ilikuwa chini, na mikono imeshaanza kufungua kitambaa tumboni. Fundo alilifungua polepole. Niliona waziwazi kwamba hataki, na kwamba atalipa. Mtu aliyemshika mwenzake tai kwa sababu ya sweta ya mtoto angekimbia vipi?

Mimi sijalelewa kumpazia sauti Senge. Kwetu mtu hampazii sauti senge wake hata akiwa amekosea, sembuse mbele ya wageni. Lakini niliona alfajiri zangu zote zikienda, niliona mwaka mzima nimekaa mbele ya kioo cheusi nikingoja Mama Ciku afungue sanduku lake.

"Mimi siitaki!" nikapiga kelele. "Senge, siitaki! Utanilipia kitu nisichoweza kukitumia kwa sababu ya neno la sokoni? Si wewe utakayeamka alfajiri nayo, ni mimi!"

Bibi wa cherehani alisimamisha mguu wake. Senge hakuniangalia, na nilianza kulia, kwa hasira na kwa aibu pamoja, sijui ipi ilizidi.

Mama Hodan akauliza taratibu, "Nani anasoma?"

"Mimi," nikasema.

"Na nani alitaja bei?"

"Mimi," Senge akasema. "Na sirudi nyuma, mama. Kidole changu ulikiona."

"Kidole nimekiona. Na huyu nimemwona." Akavuta kiti akaketi. "Sikiliza, dada. Kwetu hata ndoa, wazee wakishakubaliana yote, bado bibi harusi anaulizwa. Akikataa, hakuna ndoa. Bei umetaja, mimi nimekubali, hiyo imefungwa. Si wewe wala mimi tutaigusa. Lakini kitu bado. Kitu achague huyu, kwa bei hiyo hiyo. Unaonaje?"

Senge alikuwa anaipima ile sheria yake, akiigeuza kama anavyogeuza sweta kutafuta tundu.

"Bei haijaguswa," akasema mwishowe.

"Haijaguswa."

"Basi achague."

Nikafuta uso. Nikaomba zile tatu zenye betri zichomolewe zote kwa pamoja, ziachwe, tukae tuzitazame. Mama Hodan akacheka. Tangu afungue duka, alisema, hakuna mtu aliyewahi kununua kwa kukaa. Akazichomoa.

Moja ya zile za katikati ilizimika tukiwa hatujakaa vizuri. Habari zikashuka ngazi, na watu wa maduka ya chini wakaanza kupanda, mmoja mmoja, kuangalia mashindano. Muuza vitambaa akaishika upande ile ya katikati iliyobaki. Bibi wa cherehani akasema yeye anaisimamia ya kijivu, kwa sababu ni mbaya na mbaya hudumu. Sambusa zikaletwa, sijui na nani. Senge alikula kimya, hakusema nami neno.

Ile ya katikati ikafa watu wakijiandaa kwa swala ya alasiri, na muuza vitambaa akaipiga kofi kama imemsaliti. Wakaenda kuswali. Tulibaki wanawake wanne na mashine moja. Sikuthubutu kupepesa macho. Waliporudi, ya kijivu ilikuwa bado inawaka, kishale chake kinapepesa pale pale, haina habari.

"Hii," nikasema.

Senge akalipa. Najua, na yeye anajua, kwamba lile tofali lilikuwa limekaa rafuni muda mrefu bila mtu kuliuliza, na kwamba Mama Hodan hakutoka mikono mitupu siku ile. Waliagana kwa kushikana mikono, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa heshima ya watu wanaojuana kazi.

Majengo, kufunga mzigo

Kubeba mashine wazi kutoka Eastleigh hadi Dandora ni kujitangazia kwa wezi. Tukateremka hadi Majengo kwa rafiki yake Senge, anayemwekea mzigo wa Gikomba. Pale tukaitumbukiza katikati ya sweta, tukafunga bunda kwa kamba, Senge akalitwika kichwani. Ungemwona ungesema ni mama wa mitumba anarudi na yaliyobaki. Bado alikuwa hajanisemesha ila "shika hapa" na "kaza."

Tulirudi na barabara ya Juja. Jua lilikuwa linateremka na watu wamepungua. Karibu na Kariobangi nikagundua vijana wawili nyuma yetu. Tukiongeza mwendo, wanaongeza. Tukisimama Senge apumzishe shingo, wanasimama nao, wanatazama kando. Kila nilichokililia siku nzima kilikuwa juu ya kichwa cha mama mwenye visigino vilivyochubuka.

Senge akageuka ghafla na bunda lake. "Mnataka nini?"

Vijana wakashtuka. Mmoja akainua mikono. "Niaje mathe. Hatutaki kitu. Mnaishia Dando?"

"Kwa nini?"

"Hapo mbele si poa," akasema akijikuna shingo. "Kuna masee wabaya. Tukitembea na mathe hakuna mtu atatusumbua. Tuliogopa kuwaambia, mngedhani sisi ndio wezi."

Niliketi chini pale pale kando ya barabara. Senge aliwatazama, akaliteremsha bunda, akamwekea yule mrefu wao kichwani. Nikasimama mbio. Lakini kijana alilibeba mpaka daraja la Dandora, akilalamika njia nzima kwamba siku hizi sweta ni nzito.

Nyumbani

Mama Ciku alikuwa langoni. Alishasikia. Watoto walikuwa wameshamwambia kwamba Nanjala ameletewa kitu cha stima, na aliufumbata ufunguo wake.

"Hicho hakichomekwi hapa," akasema kabla hatujamsalimu. "Leo kompyuta, kesho mtaleta friji."

Ploti nzima ikatoka milangoni. Nikakaa kwenye stuli, nikaweka mashine mapajani, bila waya, bila chochote, nikaiwasha. Kulikuwa kumeanza kuingia kiza na kile kioo kikatoa mwanga wake wa kijivu. Watu wakasema aah.

"Inakula stima yangu," Mama Ciku akasema.

"Mama, haijagusa ukuta."

Hakuniamini. Mnajua ndani ya mita yake, humo humo sandukuni, kuna kile kisahani kinachozunguka, na mnajua hukilinda kuliko mboni ya jicho. Akaamuru kila mtu azime taa na redio. Akafungua sanduku, akamulika kwa tochi, akaniita nisimame kando yake na mashine inawaka. Tukainama wote wawili. Kisahani kikapunguza mwendo, kikajivuta, kikasimama. Kioo changu kikawa bado kinawaka.

Alitazama huku, akatazama kule, akatazama huku tena.

"Kimesimama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa muujiza asioutaka. Halafu akakunja uso. "Na kikisikia njaa?"

"Kinakula jioni tu, mama, stima ikiwa imewashwa kwa wote. Alfajiri kinatumia kilichokula."

Akafunga sanduku. Kama angesema hapana, kutembea kote kule kungekuwa bure, na betri ya ajabu ingekufa njaa kabatini.

"Kitakula kwangu," akasema. "Kwa soketi yangu, mbele ya macho yangu, nione kinavyokula. Alfajiri utakuja kukichukua." Akawageukia wengine. "Mnatazama nini? Mtoto anataka kusoma. Washeni taa zenu."

Nilimshukuru mpaka akanifukuza.

Ndani, Senge alikuwa ameketi kitandani kwangu, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Nikapiga magoti nimwoshe visigino. Nilijua lazima niseme.

"Senge, nisamehe. Nilikupigia kelele mbele za watu."

"Ulinipigia," akasema.

"Haitatokea tena. Siku nyingine nitanyamaza."

Akauondoa mguu kwenye maji, akaniinua kidevu kwa mkono wake uliokauka kwa sabuni ya kufulia mitumba, na nikaona macho yake yamejaa.

"Leo ningekununulia kitu kisichokufaa, na ningerudi nyumbani nikijisifu," akasema. "Siku nyingine ukiniona nakosea ukanyamaza, nitakuchapa, uwe na digrii usiwe nayo."

Kisha akaurudisha mguu ndani ya karai, akaniambia maji yamepoa.